Pua ya Injini

Mtu anayesafiri kutoka Mbeya kwenda Tunduma hupita Mbalizi, huteremka hadi bonde la mto Songwe, na baada ya hapo huanza kuupanda mlima wa Senjele. Ilikuwa katika kupanda huko, mwaka 2019, kwamba taa ya njano yenye umbo la injini iliwaka mbele ya usukani wa gari langu dogo la Kijapani. Gari halikusimama. Lilikuwa zito tu, na harufu ya petroli ilinifuata hadi Tunduma.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akanipa kigoda nikae kivulini, kisha akachomeka chini ya usukani kidude chenye ukubwa wa kiberiti, akatazama simu yake ya mkononi. "Mwalimu," akasema, "oksijeni sensa imekufa." Nilitazama simu ile na mimi. Iliandika P0171, na chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba mchanganyiko ni mwepesi, yaani hewa imezidi petroli. Haikuandika popote kwamba kuna kitu kimekufa. Nilifundisha watu kusoma kwa zaidi ya miaka 30, na hata hivyo nilinyamaza, nikatoa fedha ya sensa mpya. Baada ya siku nne taa ikawaka tena.

Kosa lilikuwa wapi nitaeleza baadaye. Kwanza niruhusiwe kurudi nyuma, kwa sababu namna tunavyoulizana na injini za magari katika njia hii ina historia yake, na sehemu ya historia hiyo niliiona kwa macho yangu.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Uingereza ikaweka vikwazo vya mafuta, na kabla ya mwaka kwisha Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia kusini, ikajikuta haina petroli. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa na uhuru wa mwaka mmoja tu, na migodi yao ya shaba ilihitaji mafuta kila siku. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zilibeba mapipa angani. Mengine yote yalipaswa kupita nchi kavu, na njia ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam ilikuwa hii yetu, iliyopita Morogoro, Iringa, Mbeya, Mbozi hadi Tunduma, kisha Nakonde na kuendelea. Wakati huo ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika. Wazungu waliokuwa wakiendesha malori humo waliiita njia ya jehanamu, na sisi watoto wa Mbozi hatukuhitaji kutafsiriwa.

Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Tulikuwa tukitoka shuleni tunakwenda kukaa ukingoni mwa barabara kuhesabu malori yaliyobeba mapipa. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa hadi Ndola, mapipa yakapungua. Lami ikafika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha reli ya TAZARA, ambayo Wachina walitukabidhi mwaka 1976. Lakini kwa ile miaka mitatu ya kwanza, mafundi wa kando ya barabara hii walipata shule ambayo hakuna chuo kingeweza kuwapa.

Malori makubwa yalikuwa ya dizeli, na dizeli ina hesabu zake nyingine. Somo langu ni petroli: Land Rover, Bedford ndogo, Peugeot 404 za maofisa na wafanyabiashara. Magari hayo yalikuwa na kabureta, na kabureta ni chombo kipofu. Hewa inapita ndani yake, inavuta petroli kupitia kitundu kiitwacho jeti, basi. Haijui kama petroli iliyovutwa imetosha au imezidi. Imepimwa mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni pwani au Ulaya.

Sasa mtu atoke Dar es Salaam, usawa wa bahari, apande hadi nyanda za Mbozi, zaidi ya mita 1,300 juu. Hewa hupungua uzito karibu sehemu moja katika kumi kwa kila mita 1,000 tunazopanda. Jeti ni ileile, lakini hewa ni hafifu, kwa hiyo petroli inazidi. Gari linakuwa zito, linatoa moshi mweusi, linakula mafuta kama limetobolewa tangi. Dereva mgeni husema injini imechoka. Fundi wa hapa alifungua plagi moja tu, akaitazama.

Plagi ndiyo iliyokuwa barua ya injini. Ikitoka na rangi ya udongo mkavu, kahawia iliyopauka, mchanganyiko ni sawa. Ikitoka nyeusi yenye masizi makavu kama sufuria ya kuni, petroli imezidi. Ikitoka nyeupe, iliyoungua kingo, petroli ni pungufu na injini inachemka kwa ndani. Ikitoka imelowa mafuta mazito, ringi za pistoni zimekwisha. Mzee mmoja wa Vwawa aliyekuwa na gereji chini ya mti wa mwembe alikuwa akizipanga plagi nne juu ya gunia kwa zamu zake, ya kwanza hadi ya nne, akaziangalia kimya kabla hajasema neno. Baadaye nilipokuwa nikiwafundisha walimu wanafunzi jinsi ya kusahihisha madaftari, nilimkumbuka mzee huyo mara nyingi. Hakuanza na jibu.

Basi ilikuwa hivyo kwa miaka mingi: injini haikujijua, na mtu alipaswa kuijua kwa niaba yake. Kilichobadilisha mambo kilitoka mbali, na chanzo chake hakikuwa gari bali taa ya kuangazia nyumba.

Mwanasayansi Mjerumani, Walther Nernst, alitengeneza miaka ya mwisho ya karne ya 19 taa iliyotumia kijiti cha udongo maalumu wa zirikonia. Udongo huo ukiwa baridi haupitishi umeme. Ukipashwa moto sana unaupitisha, na kinachosafiri ndani yake ni chembe za oksijeni. Nernst huyohuyo alikuwa ameandika mwaka 1889 hesabu inayoonyesha kwamba vitu viwili vyenye kiasi tofauti vikitenganishwa kwa namna fulani huzaa umeme, na umeme huo unaweza kupimwa. Alipata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1920, naye alikuwa mpenzi mkubwa wa magari. Taa yake ilishindwa na balbu za kawaida, ikasahauliwa. Lakini udongo ule na hesabu ile vilingoja.

Huko Marekani sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 iliwalazimisha watengenezaji kupunguza sumu ya moshi. Wakatia ndani ya bomba la moshi kile ambacho mafundi wetu wanakiita masega, kwa kuwa ndani yake kuna vijitundu vingi kama sega la nyuki, vilivyopakwa platinamu, paladi na rodi. Masega husafisha moshi vizuri pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu kabisa na kipimo chake, yaani hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1. Kabureta kipofu isingeweza kushika kipimo hicho kupanda na kuteremka. Ilihitajika pua. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ikaitengeneza kwa udongo wa zirikonia, na mwaka 1976 Volvo ikaanza kuuza katika soko la Marekani magari yenye sensa hiyo.

Kwa umbo ni kama kidole cha mtoto kilichofichwa ndani ya kofia ya chuma yenye matundu. Ndani ya kidole kuna hewa ya nje, ileile tunayovuta sisi. Nje ya kidole unapita moshi wa injini. Kikipata joto la kama nyuzi 300 na zaidi, kidole hicho hulinganisha oksijeni ya pande mbili. Moshi ukiwa hauna oksijeni, kwa maana petroli imezidi ikaila yote, kinatoa umeme wa karibu volti 0.9. Moshi ukiwa na oksijeni iliyobaki, umeme unashuka hadi karibu volti 0.1. Kontroli boksi ya gari husoma umeme huo, ikaongeza au kupunguza petroli kwenye nozeli, ikasoma tena. Katika gari zima sensa hiyo hurukaruka kati ya juu na chini bila kupumzika, kwa sababu kontroli boksi nayo haichoki kusahihisha. Gari lenye pua hiyo hupanda Senjele na kujirekebisha lenyewe, bila skrubu wala jeti.

Ningependa msomaji ashike jambo moja hapa, maana ndilo lililonigharimu. Sensa haijui petroli. Haijui injini. Inajua oksijeni tu, na ile tu inayopita mbele yake.

Pua hizi zilitufikia wakati gani? Katika miaka ya shida, baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, mafuta yalikuwa kwa kibali na gari jipya lilikuwa ndoto. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na katika miaka ya 1990 mlango ulifunguka hasa. Magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kuteremka Dar es Salaam kwa wingi, na mengi yakapita hapa Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Yalikuwa mazuri, yalikuwa na redio zinazosema Kijapani, na katika mabomba yao ya moshi mlikuwa na masega na sensa.

Yakakaribishwa kwa petroli yenye risasi.

Jambo hili vijana hawalijui, hivyo nitakaa nalo kidogo. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa kampuni ya General Motors, aligundua kwamba mchanganyiko wa risasi ukitiwa katika petroli huzuia injini kugonga. Ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha mafuta huko New Jersey walikufa kwa sumu hiyo baada ya kupandwa na wazimu, lakini biashara iliendelea, ikaenea duniani kote, ikafika hadi kituo cha petroli cha mwisho kabla ya mpaka wetu. Risasi haiteketei. Inatoka na moshi, inaganda juu ya kila kitu inachopita, na inapoganda juu ya kidole kile cha zirikonia huziba platinamu yake, sensa ikawa inajibu polepole, kisha haijibu. Masega nayo huuawa vivyo hivyo.

Kwa hiyo gari lililotoka Japani lina pua nzima lilianza kuipoteza tangu lilipojaza tangi la kwanza. Wenye magari waliona gari "limeanza kula mafuta", mafundi wakasema hizi za Kijapani za kompyuta hazifai, nunua la kabureta. Nilisema hivyo mimi pia, kwa sauti, mbele ya walimu wenzangu. Tulikuwa tunailaumu pua kwa harufu tuliyoitilia sisi.

Wamarekani walipoanza kuuza petroli isiyo na risasi kwa magari yao ya 1975, sababu iliyowasukuma kwanza ilikuwa kuyalinda masega. Kuwalinda watoto kulifuata. Mwaka 1979 daktari Herbert Needleman alichapisha utafiti wa meno ya watoto wa shule uliohusisha risasi mwilini na upungufu wa akili na utulivu darasani. Huku kwetu, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa risasi kabla ya mwisho wa 2005, na kufikia Januari 2006 ikawa imeondolewa. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Shule niliyoiongoza kabla sijahamia chuo cha ualimu ilikuwa mita chache kutoka barabara kuu. Malori na magari madogo yalisimama mbele ya uwanja wetu. Wavulana wa shule walipata senti kwa kuwavutia madereva petroli kwa mpira, wakiuweka mdomoni na kunyonya mpaka mafuta yaje. Tuliwachapa kwa sababu walikuwa watoro. Wako niliowaandikia katika ripoti zao kwamba ni wazito, hawatulii, wanasahau walichofundishwa jana. Siwezi kusema leo kwamba ilikuwa risasi. Njaa ilikuwepo, malaria ilikuwepo, na mwalimu asiye na vitabu alikuwepo. Lakini niliandika "mzito" kama vile yule kijana wa Tunduma alivyosema "imekufa". Niliisoma dalili, nikamhukumu aliyeibeba.

Nirudi kwenye taa yangu ya njano.

Tangu mwaka 1996 magari yote mapya madogo ya Marekani yalilazimishwa kuwa na tundu moja la kuchomekea kifaa cha kusoma makosa, na namba za makosa zikafanywa za aina moja. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001, na magari mengi ya Japani tunayoyapata sasa yana tundu la umbo hilohilo. Ni msaada mkubwa. Taabu ni kwamba namba imekuwa kama hukumu. P0135 husema njia ya umeme wa kuipasha sensa joto ina hitilafu. Inaweza kuwa fyuzi iliyokatika, au waya uliogusa eksozi ukayeyuka. P0420 husema masega hayafanyi kazi ipasavyo. P0171 husema mchanganyiko unaonekana mwepesi. Katika tatu hizi hakuna inayosema nunua sensa.

Sensa hufa kweli, sikatai. Huzeeka, ikawa nzito kuruka. Huuawa na masizi, na mafuta ya injini yanayopenya ringi, na maji ya rejeta yenye dawa pale gasketi ya silinda hedi inapovuja. Huuawa pia na silikoni, ile ya tyubu ambayo mafundi wetu wanaipaka kila mahali kama siagi. Mvuke wake ukivutwa na injini huacha utando mweupe juu ya sensa. Hizo rangi zinasomeka kwa macho kama zilivyosomeka plagi: nyeusi, nyeupe, kahawia ya mafuta. Na kuna njia ya kuipima kabla ya kuihukumu. Injini iwe imepata moto. Mtu apulize spreyi ya kusafishia kabureta kidogo kwenye mlango wa hewa: petroli imezidi ghafla, kwa hiyo sensa nzima itaruka hadi karibu 0.9. Kisha achomoe mpira mmoja mdogo wa hewa: hewa imezidi, sensa itashuka hadi karibu 0.1. Ikiruka na kushuka haraka, iko hai, na inachosema kisikilizwe. Ikibaki palepale, kwanza kagua nyaya zake, ndipo useme imekufa. Kazi hiyo haifiki robo saa.

Hakuna aliyenifanyia hivyo. Sensa ya pili ilifungwa, taa ikarudi. Safari hii fundi alikuja na shauri jingine: tatizo ni masega, yameziba, yakatwe, na kuna mtu wa kuyanunua papo hapo. Alinieleza kwa upole kwamba magari mengi ya mjini yamekwisha kukatwa, na yanatembea. Miaka ile bei ya paladi na rodi ilikuwa ikipanda sana duniani, na wanunuzi walipita gereji kwa gereji na mizani. Sikuwa nimelala vizuri. Nilikuwa nimetumia kwa gari sehemu ya pensheni niliyoitenga kwa jambo lingine. Nikasema yakateni.

Walikata kwa msumeno wa umeme, wakaunga bomba tupu. Fedha niliyopewa haikufika bei ya sensa moja. Taa iliwaka tena kabla sijafika Mpemba. Sasa namba zilikuwa mbili, P0171 ileile, na P0420. Ya pili ilitoka kwa sensa ya nyuma, ile inayokaa baada ya masega kuyachunguza. Ilikuwa inasema kweli tupu: masega hayafanyi kazi. Yangefanyaje nayo yalikuwa yamekwenda kupimwa kilo? Nikaambiwa hilo si tatizo. Paneli ikafunguliwa, globu ya taa ikachomolewa, na gari langu likawa, kwa kuliangalia, zima.

Nililiendesha hivyo karibu miezi minne. Tangi lililokuwa likinifikisha Mbeya na kunirudisha mara mbili sasa lilikuwa likinirudisha mara moja. Mke wangu alikataa kupanda akisema anaumwa kichwa, nami nilidhani anatafuta sababu ya kubaki na wajukuu.

Aliyemaliza jambo hili ni fundi mzee wa Vwawa, mwanafunzi wa yule mzee wa mwembe. Naye sasa ana mvi, tunaitana kaka. Nilimpelekea gari jioni nikamweleza yote, sensa, namba, masega. Alisikiliza. Kisha akasema, "Kaka, liache hapa lilale."

Asubuhi aliniita kabla injini haijawashwa. Alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gunia kwa zamu zake. Zilikuwa nyeusi, masizi makavu. Akaniuliza, "Simu ya yule kijana ilisema nini?" Nikasema ilisema mchanganyiko ni mwepesi, petroli pungufu. "Na plagi zinasema nini?" Nikasema petroli imezidi. "Basi mmoja kati yao amedanganywa," akasema, "na plagi haidanganywi, maana inakaa motoni."

Akazirudisha plagi, akachukua chupa ya maji ya sabuni, akamwambia kijana wake awashe. Injini ilikuwa baridi bado. Tukasikia sauti ndogo kama ya mtu anayenong'ona haraka, upande wa eksozi, karibu kabisa na silinda hedi. Akanyunyizia. Povu likachemka mahali pamoja, kwenye ukingo wa gasketi ya manifoldi, palipokuwa pameungua upana wa ukucha. Baada ya dakika chache chuma kilipata moto, kikatanuka, na mnong'ono ukafifia. Ndiyo sababu kwa wale waliolipima likiwa limetoka barabarani haukusikika.

Moshi hautoki kwenye injini kwa mkondo mmoja. Unatoka kwa mapigo. Baada ya kila pigo kuna kitambo ambapo bomba linavuta badala ya kusukuma, na kupitia upenyo ule lilikuwa likivuta hewa ya nje. Hewa hiyo ilipita mbele ya sensa. Sensa ikaona oksijeni, ikaripoti oksijeni. Kontroli boksi ikadhani petroli ni pungufu, ikaongeza, sensa ikaona tena oksijeni ya upenyo, ikaongeza tena. Sensa ya kwanza niliyoitupa ilikuwa nzima. Ya pili nayo ilikuwa nzima. Zote mbili zilikuwa zimesema walichokiona. Na upenyo huohuo, wakati wa mapigo ya kusukuma, ulikuwa ukitoa moshi wenye sumu chini ya boneti, karibu na tundu la hewa linaloingia ndani ya gari, upande anaokaa mke wangu.

Gasketi mpya iligharimu chini ya robo ya bei ya sensa. Mzee aliifunga kabla ya adhuhuri, akanionyesha kwenye mita ya umeme jinsi sensa ilivyoanza kuruka juu na chini, juu na chini. Nilikaa pale nikiitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nilipomlipa nilimwomba airudishe globu ya taa. Aliniambia, "Itawaka, kaka. Masega hayapo. Sensa ya nyuma itasema." Nikamwambia airudishe hivyo hivyo. Masega mapya bei yake siiwezi, na ya mtumba hakuna ajuaye yalikatwa kutoka kwa nani. Nikatengeneza na mke wangu, ambaye sasa anapanda, ingawa hufungua dirisha.

Tunakwenda Vwawa kila Jumamosi, sokoni na kwa daktari wa macho. Taa inawaka tangu tunapoliwasha hadi tunapolizima. Mjukuu wetu mdogo, anayekaa nyuma, aliniuliza mwezi uliopita kwa nini siitengenezi. Nikamweleza habari ya masega tangu mwanzo, mlima wa Senjele na mapipa ya mwaka 1965, mpaka tukafika sokoni sijamaliza.